Bamama ba soko hawakumkosea Mungu

Ndugu raia wa Kibombo, wa Kindu na wa Maniema yote,
Wazazi wetu, bamama na bababa,
Viongozi wa makanisa na wa misikiti,
Vijana wenzetu,



Tulinyamaza majuma mawili. Wazee walituomba tungoje hasira ishuke, tukangoja. Hasira imeshuka kidogo, lakini jambo lenyewe liko palepale, na kunyamaza zaidi itakuwa kukubali. Leo tunasema.

Mwezi huu wa tatu, sawa na kila mwaka, bamama walishona kikwembe cha tarehe 8. Walipita mbele ya wakubwa kwa mistari, wakapigiwa makofi. Hotuba zikasomwa. Tulisikia kwa masikio yetu kwamba mama ni nguzo ya nchi. Siku hazikufika kumi, bamama wale wale wakataka kufanya kitu kimoja kidogo sana: kuandika barua. Barua ilikuwa na swali moja. Pesa inayokusanywa kila asubuhi juu ya meza zao, bila karatasi ya malipo, inakwenda wapi? Soko halina choo. Mvua ikinyesha mpunga unalowana, unga wa muhogo unaoza, na mama anarudi nyumbani na hasara. Anayelipa kila siku ana haki ya kuuliza. Walitaka kupeleka barua ile kwa miguu, pamoja, mchana, bila kelele.

Majina 43 yaliandikwa kwenye karatasi. Sisi tuliisaidia kuiandika vizuri, hatufichi hilo.

Ijumaa, katika nyumba moja ya ibada, ikasemwa kwamba mwanamke anayetembea na karatasi mbele ya serikali amemvua mume wake heshima. Jumapili, katika nyumba ingine ya ibada, ya dini ingine, ikasemwa kwamba wakubwa wamewekwa na Mungu, na kwamba anayewauliza anamuuliza Mungu. Watu hawa wawili hawasalimiani barabarani. Juu ya bamama ba soko walipatana bila hata kukutana.

Jumatatu karatasi ilibaki na majina 9. Mama mmoja alikuja kwetu asubuhi, jicho limevimba, akatuomba tufute jina lake. Tulifuta. Hatukumuuliza kitu.

Hatutataja jina la nyumba zile za ibada. Wenyewe wanajijua, na hatutaki mtu aende kuwafanyia vurugu kwa jina letu. Tunataka kupigana na wazo lenyewe, juu hilo wazo halikuzaliwa Kibombo na halitaishia Kibombo: wazo kwamba mwenye mamlaka anaweza kujifunika nguo ya Mungu, na akishajifunika hakuna tena wa kumuuliza. Tumesoma historia kidogo. Kila mahali wazo hilo lilipoingia, wa kwanza kufungwa mdomo alikuwa mwanamke. Wa pili alikuwa kila mtu.

Mbele ya kuendelea, tuseme siye ni nani. Tuko vijana wa hapa, Waislamu na Wakristo, wengine tumeoa au kuolewa, wengi bado. Kati yetu iko wenye licence ya sheria, ya uchumi, ya kilimo. Kazi hatuna. Tunauza unité za simu, tunaendesha moto ya mtu mwingine, tunafundisha shule ambazo mshahara haufiki. Diploma ziko ndani ya plastiki chini ya kitanda. Lakini muulize kila mmoja wetu nani alilipa masomo yale. Mafuta ya mawese yalilipa. Mpunga ulilipa. Chikwange zilizouzwa kwenye gari la moshi linapopita, siku linapopita, zililipa. Hakuna licence hata moja katika kundi letu ambayo haikutoka mezani kwa mama sokoni. Leo mama yule anaambiwa anyamaze, na siye aliyetusomesha tukae kando? Haiwezekani.

Tena tuko waumini. Hatukuandika tamko hili ili kuchekesha watu wasioamini.

Tuanze na sheria, kwa sababu bamama waliambiwa wamevunja sheria. Hawakuvunja. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 1, inasema nchi hii ni Jamhuri isiyo na dini ya serikali. Kifungu cha 22 kinalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Kifungu cha 14 kinaiamuru serikali kuondoa ubaguzi wote juu ya mwanamke, na kumpa nafasi sawa katika mambo ya nchi. Kifungu cha 26 kinasema anayetaka kuandamana anaijulisha serikali kwa maandishi. Kujulisha, ndugu zetu. Hakisemi kuomba ruhusa, wala hakisemi kupitia kwa pasta, imamu au mume. Na kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa serikali, na serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ile barua ya majina 43 ilikuwa kifungu cha 27, neno kwa neno. Bamama ambao wengine hawajui kusoma walikuwa wanatimiza Katiba kuliko wale wanaoiapia.

Mtaambiwa: hiyo ni karatasi ya Kinshasa, siye tuna Mungu. Sawa. Tuangalie basi nchi yetu ilivyokuwa kila mara wakubwa walipochanganya Mungu na utawala.

Mwaka 1906 Leopold wa Pili alipatana na Vatikano: misheni zipewe ardhi, nazo zisimamie shule. Tangu hapo mkoloni, kampuni na misheni vilitembea pamoja. Hatukatai mazuri: babu zetu walijifunza kusoma huko, na hospitali nyingi zilijengwa huko. Lakini mtoto wa kike alifundishwa hasa kushona, kupika na kutii. Na nani aliyeomba kwa njia yake mwenyewe, aliadhibiwa. Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921. Akahukumiwa kufa, adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha, na akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951, baada ya miaka 30. Kosa lake kubwa lilikuwa kwamba watu walimsikiliza yeye kuliko serikali.

Mwezi wa tano 1960, nchi ikipiga kura kuelekea uhuru, wanaume peke yao ndio walipiga. Bibi zetu walibeba maji siku ile, walipika, walingoja matokeo. Walipata kura mwaka 1967 tu. Halafu Sheria ya Familia ya 1987 ikamwambia mwanamke aliyeolewa kwamba kwa mambo mengi ya kisheria lazima mume aruhusu. Hilo lilibadilishwa Julai 2016. Hesabuni wenyewe: mama mwenye miaka 50 leo aliishi sehemu kubwa ya maisha yake, mbele ya sheria, sawa na mtoto mdogo.

Na Mobutu? Wazazi wetu wanakumbuka. Kila jioni, kabla ya habari, televisheni ilionyesha uso wake ukitoka kwenye mawingu, sawa na mtu anashuka kutoka mbinguni. Mwaka 1974 Krismasi iliacha kuwa siku ya mapumziko, na waziri wake mmoja alimlinganisha na masiya. Mtu mwenye kupinga chama alikuwa sawa na mwenye kupinga dini. Nani aliweza kumuuliza uso unaotoka mawinguni pesa ya shaba imekwenda wapi? Ndiyo maana tunasema swali la pesa ya soko ni swali kubwa. Anayekataza swali la franga mia mbili atakataza na swali la milioni mia mbili.

Sasa tuangalie jirani. Mpaka 2011, wakati Sudan Kusini ilipata uhuru wake, Sudan ilikuwa inapakana na Kongo yetu. Ni nchi kubwa, ya waumini wa kweli. Septemba 1983 Rais Jaafar Nimeiri, mwanajeshi aliyekuwa amebanwa na madeni na vita, alitangaza kwamba tangu sasa sheria za nchi ni sharia. Mzee mmoja Muislamu, injinia, jina lake Mahmoud Mohamed Taha, alikataa. Yeye alifundisha kwamba katika Uislamu mwanamke na mwanaume ni sawa mbele ya sheria. Alifanya nini? Aliandika karatasi. Yeye na wafuasi wake walitoa karatasi moja wakiomba sheria zile zifutwe na vita vikome. Tarehe 18 Januari 1985 alinyongwa mbele ya watu Khartoum, mzee wa miaka zaidi ya 70. Kosa lililosomwa: kuasi dini. Nimeiri mwenyewe aliangushwa na watu wake kabla miezi mitatu haijapita.

Tunaomba ndugu zetu Waislamu wasome hiyo hadithi polepole. Aliyenyongwa kwa jina la Uislamu alikuwa Muislamu, mwenye kusali, mwenye kujua kitabu. Serikali inayosema inatawala kwa jina la Mungu haiulizi kwanza kama wewe ni wa dini gani. Inauliza kama umeinama.

Juni 1989 Omar al-Bashir alichukua nchi kwa bunduki, akisaidiwa na watu wa Hassan al-Turabi. Mwaka 1991 wakaandika sheria ya jinai, na kifungu cha 152 kikasema mtu mwenye nguo au tendo lisilo la heshima anaweza kupigwa mpaka fimbo 40. Heshima ni nini? Haikuandikwa. Polisi ndiye aliyeamua, pale barabarani. Na polisi wale waliwaandama hasa maskini: bamama wauza chai wa Khartoum, wengi wao wakimbizi waliokimbia vita, wenye birika moja na viti vitatu vya plastiki. Walinyang'anywa vyombo, walitozwa pesa, walichapwa. Mnaona sura ya nani hapo? Sisi tunaona sura ya mama ya soko la Kibombo.

Julai 2009 mwandishi wa habari Lubna Hussein alikamatwa katika mgahawa pamoja na wanawake wengine. Kosa lao: suruali. Wengine walikubali fimbo ili mambo yaishe haraka, na hatuwalaumu. Lubna alikuwa anafanya kazi Umoja wa Mataifa na kinga ingemwokoa. Aliacha kazi ili ahukumiwe mbele ya dunia. Akatozwa faini, akakataa kulipa, akapelekwa gerezani. Baada ya hapo kila mtu duniani alijua kwamba serikali yenye ndege za vita ilikuwa inaogopa suruali ya mwanamke.

Na ilikuwa na sababu ya kuogopa. Disemba 2018 bei ya mkate ilipanda, na watu wakasimama Atbara. Atbara ni mji wa reli, sawa na siye watu wa reli, mji wa wafanyakazi waliozoea mshahara kuchelewa. Kutoka pale moto ulifika Khartoum, na mbele ya maandamano walikuwa wanawake: wanafunzi, madaktari, wauza chai waliopikia watu waliolala barabarani. Tarehe 11 Aprili 2019 Bashir alianguka, baada ya miaka 30. Novemba ya mwaka ule sheria za nidhamu zilizowachapa wanawake zikafutwa.

Hatutawadanganya kwamba hadithi inaishia vizuri. Tarehe 3 Juni 2019 watu wenye silaha walishambulia vijana waliokuwa wamekaa mbele ya makao ya jeshi, wakaua zaidi ya mia moja, wakabaka wanawake ili wasirudi tena barabarani. Katika Baraza la Utawala lililoundwa baadaye, watu 11, wanawake walikuwa wawili. Barabarani walikuwa wengi, mezani wakawa wachache. Oktoba 2021 majenerali walichukua yote, na tangu Aprili 2023 wanapigana wao kwa wao juu ya miili ya raia. Somo tunalochukua ni hili: kumwondoa anayejiita kivuli cha Mungu haitoshi, kama wale waliomwondoa hawapewi kiti.

Mtu atasema: ile ni Uislamu, siye Wakristo tuko salama. Kweli? Joseph Kony wa Uganda alisema anataka nchi itawaliwe kwa Amri Kumi. Oktoba 1996 watu wake waliingia shule ya watawa Aboke usiku, wakachukua wasichana 139. Mtawa mmoja aliwafuata msituni akarudi na 109. Thelathini walibaki, wakagawiwa kwa makamanda sawa na mbuzi. Na Kony hakubaki Uganda. Krismasi ya 2008 watu wake waliua Wakongomani ndani ya Haut-Uele, wengine wakiwa kwenye ibada na sherehe. Na mwaka 2021 mahakama ya La Haye ilimhukumu Dominic Ongwen, kamanda wake, na ndani ya makosa yale iko ndoa ya lazima na mimba ya lazima. Hiyo ndiyo Amri Kumi waliyoileta.

Huko Beni na Ituri, ADF wanasema wao wanafuata sharia. Tangu 2019 Dola la Kiislamu linajisifu kwa mauaji yao. Wasichana Wakongomani wanachukuliwa mashambani, wanabadilishwa dini kwa nguvu, wanaozwa bila kuulizwa. Na Waislamu wa Beni nao wameuawa. Kony na ADF hawasomi kitabu kimoja. Wanafanya jambo moja.

Na mbali zaidi, mnajua. Iran, Septemba 2022: Jina Mahsa Amini, miaka 22, alikamatwa juu ya kitambaa cha kichwa, akafa akiwa mikononi mwa polisi wa maadili. Afghanistan, tangu 2021: msichana akimaliza shule ya msingi, mlango unafungwa, na Disemba 2022 chuo kikuu nacho kikafungwa kwa wanawake. Waliofanya hivyo hawakuanza na bunge. Walianza na mdomo wa mwanamke, halafu magazeti, halafu kura, halafu kila mwanaume mwenye swali.

Mtasema tunakuza mambo, Kibombo haiko Kabul. Ni kweli, haiko. Hakuna anayetawala hapa kwa jina la dini, na wengi wa mapasta na maimamu wetu ni watu wema, wanaozika maiti zetu na kusuluhisha ndoa zetu. Ndiyo maana tunasema sasa, wakati bado ni neno tu la Ijumaa na neno la Jumapili. Lakini angalieni hesabu: 43, halafu 9. Hakuna polisi aliyekuja, hakuna risasi, hakuna sheria mpya. Maneno mawili yalitosha, na mkubwa anayekula pesa ya soko alilala vizuri usiku ule. Hakutumia hata franga moja kununua ukimya. Alipewa bule.

Sasa tujibu yale tunayoambiwa barabarani.

Wanasema: mwanamke kusimama mbele ya watu ni mambo ya wazungu. Ndugu, wazungu ndio waliowanyima bibi zetu kura. Mbele ya Mbelgiji yeyote kutawala hapa, soko la Nyangwe, palepale kwenye Lualaba yetu, lilikuwa mikononi mwa wanawake. Livingstone alipofika mwaka 1871 aliwaona wakija kwa mamia na samaki, vyungu, mafuta, wakibishana bei. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipiga risasi sokoni, na mamia walikufa, wengi wanawake, wengine wakizama mtoni. Mama wa Maniema amesimama mbele ya watu tangu zamani, na amelipa kwa damu. Hakufundishwa na mzungu.

Wanasema: vitabu vinamkataza. Siye hatuna licence ya theolojia, lakini tulipita katekisimu na madrasa. Debora alikuwa mwamuzi wa Israeli, na jemadari alikataa kwenda vitani bila yeye. Habari ya ufufuko ililetwa kwanza na wanawake, na wanaume ndio walikataa kuamini. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na Mtume alifanya kazi katika biashara yake kabla ya ndoa. Malkia wa Saba ametajwa katika Kurani akiongoza watu wake kwa shauri. Hatusemi hivyo vinamaliza mjadala wa dini. Tunasema mjadala upo, na hakuna mtu mmoja Kibombo mwenye ufunguo wake.

Wanasema: dini isiingie siasa, basi na ninyi mwache dini. Hapana, hatukusema dini ikae kimya. Disemba 2017 na Januari na Februari 2018, Wakatoliki wa kawaida waliandamana Kinshasa na miji mingi, wakidai uchaguzi ambao Katiba iliahidi. Walibeba Biblia na rozari. Tarehe 21 Januari 2018 msichana wa miaka 24, aliyekuwa anajiandaa kuwa mtawa, aliuawa kwa risasi mbele ya kanisa Kintambo. Yeye alikuwa mtu wa Mungu ndani ya siasa, na hatuna neno la kumlaumu. Alisimama upande wa wasio na bunduki. Mtu wa Mungu akisimama na mama anayeuliza, tunamshangilia. Akisimama mbele ya mkubwa ili mkubwa asiulizwe, tunampinga, hata kama kesho yake tutasali nyuma yake.

Na sasa zamu yetu. Haifai kunyooshea wengine kidole na kujificha. Katika kamati yetu ya watu tisa, wanawake ni wawili. Mkutano ukichelewa, wao ndio tunawaangalia kwa ajili ya chai. Siku ya barua ile, siye wanaume ndio tuliandika, bamama wakaweka vidole. Na vitisho vilipoanza, siye ndio tulisema "tungoje kidogo", bila kuwauliza wale tisa waliobaki kama walitaka kungoja. Hawakutaka. Mmoja alituambia: "Mimi nilishaogopa yote jana, leo sina woga uliobaki." Tuliona haya. Tamko hili limesomwa mbele yao kabla ya kutoka, na wamelisahihisha mahali pawili.

Kwa hiyo tunadai hivi:

Kwa wakubwa wa utawala: barua itakuja tena, safari hii na majina yatakayokuwepo, hata kama ni tisa. Kifungu cha 27 kinawapa miezi mitatu. Tutahesabu siku. Pesa ya soko iandikwe, itolewe karatasi, na hesabu isomwe mbele ya wanaolipa.

Kwa viongozi wa dini zote: hatuombi mtuunge mkono. Tunaomba mrudi mimbarani kusema jambo moja tu, kwamba mama aliyeweka jina lake kwenye barua hakumkosea Mungu. Na kwamba mwanaume aliyempiga mke wake juu ya barua ile hakumtetea Mungu. Mlitumia dakika tano kuvunja. Dakika tano zinatosha kurekebisha. Milango yetu iko wazi kwa mazungumzo, bila hasira, mbele ya wazee.

Kwa bababa na kaka zetu: heshima ya nyumba haikai kwenye mdomo uliofungwa. Mtoto anayeona mama yake anapigwa juu ya swali, kesho hataweza kumuuliza hata mwizi.

Kwa bamama: hatuwaambii msiogope. Tunajua mnalala wapi na nani. Aliyefuta jina lake hana deni kwetu, na meza yake ikipinduliwa tutakuwa pale. Anayetaka kurudi, karatasi iko.

Kwa siye wenyewe: kuanzia leo nusu ya kamati ni wanawake, na msemaji atakayeongoza siku ya barua ni mmoja wa wale tisa. Chai tutapika siye.

Mwaka 2024 nchi yetu ilipata mara ya kwanza mwanamke kuwa Waziri Mkuu, Judith Suminwa Tuluka. Tulifurahi, na bamama walipiga vigelegele sokoni. Lakini kama mwanamke anaweza kuongoza serikali Kinshasa na hawezi kuuliza choo Kibombo, basi furaha ile ilikuwa ya picha.

Tarehe 8 mwezi wa tatu itarudi mwaka ujao. Vikwembe vitashonwa, wakubwa watakaa chini ya hema. Siye tunataka siku ile, mbele ya makofi, mama mmoja asimame na karatasi mkononi asome jibu la barua yake. Kama jibu halitakuwepo, asome hivyo pia.

Imetolewa Kibombo, mwezi wa tatu.
Sisi vijana raia wa Kibombo, wake kwa waume.